Kuboresha Chekeche la Dhahabu: Mwongozo Kamili kwa Mchimbaji Mdogo na Fundi wa Mwaloni

Ukifika mwaloni, yaani mahali pa kusagia na kuoshea dhahabu, pale Nyarugusu au Lwamgasa mkoani Geita asubuhi, masikio yanayapata makarasha, zile mashine za kusagia mawe kwa gololi za chuma, kabla macho hayajayaona. Kila mtu ana lake. Mwenye mbale, yaani mawe yenye dhahabu, anahesabu viroba, mwenye karasha anahesabu dizeli, muoshaji yuko na mazulia yake. Chekeche halina mwenyewe. Mara nyingi ni kipande cha wavu kilichofungwa kwa kamba juu ya beseni, na siku kikichanika kinapigwa fundo, kazi inaendelea. Kwingine halipo kabisa: unga unatoka kwenye karasha unakwenda moja kwa moja kwenye ubao wa kuoshea, ule uliotandikwa mazulia ya kushika dhahabu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa mashine za mwaloni. Ninachotaka mwenye mbale akishike kabla ya vipimo vyote ni hiki. Sehemu nyingi za Geita, marudio, yaani unga uliokwisha kuoshwa, hubaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo, naye baadaye huyapeleka kwenye vati, tanki kubwa, kuyachenjua kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Gramu iliyokuponyoka leo tayari ina mwenyewe mwingine. Ukikubali wavu mbovu, unamgawia mtu dhahabu yako, na gharama ya kusaga umelipa wewe.

Mwongozo huu ni wa mbale za mwamba, zile za kwatzi, jiwe gumu jeupe, zinazosagwa. Mengi yake yanafaa pia kwa udongo na changarawe za mabondeni, na pale panapotofautiana nitasema.

Kwa nini wavu unaamua mambo ya ubao

Dhahabu ni nzito mara 19.3 ya maji. Kwatzi ni mara 2.65 tu. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani maji yatazitenganisha bila taabu, lakini kuna suala la ukubwa. Chenga ya kwatzi yenye upana wa milimita 3 inaizidi uzito chembe ya dhahabu ya milimita 0.1 kwa zaidi ya mara 3,000. Ili chenga hiyo isogee ubaoni, lazima ufungulie maji mengi au uinue ubao, na maji yanayoisukuma chenga ndiyo yanayoibeba chembe ya dhahabu. Ukipunguza maji, chenga zinatuama juu ya zulia, manyoya yanazibwa, na dhahabu inapita juu yake kama gari kwenye lami.

Ukichekecha kwanza, vyote vilivyomo ubaoni vinakaribiana ukubwa. Maji kidogo yanatosha, ubao unalala, na zulia linapata nafasi ya kushika.

Jambo la pili liko ndani ya karasha. Dhahabu haivunjiki kama jiwe. Inapondeka na kutandazika kama chapati. Kadiri inavyokaa na gololi ndivyo inavyozidi kuwa jani jembamba, na jani jembamba huelea juu ya maji ingawa ni dhahabu tupu. Chekeche linalotoa mapema unga ulio tayari, likarudisha chenga peke yake, linaiokoa dhahabu na kipigo kisicho na faida. Na karasha nalo linapumua, kwa sababu halisagi tena kilichokwisha kusagika.

Pima ulilonalo kabla hujanunua chochote

Watu hupenda kuanza dukani. Anza na mizani.

Kinachobaki juu ya wavu nitakiita machicha, kwa sababu kinafanana sana na machicha ya nazi: ukiyatazama ni makavu, ukiyakamua tena yanatoa tui la pili. Kinachopita chini nitakiita unga. Endesha chekeche lako kama kawaida kwa kiroba kimoja. Kusanya machicha yote na unga wote, anika vikauke, pima kila kimoja. Tuseme umepata unga kilo 30 na machicha kilo 18.

Sasa changanya machicha vizuri, chota kilo 3, weka kwenye wavu ule ule, na uchekeche kwa mkono ndani ya beseni la maji, taratibu, mpaka hakuna kinachopita tena. Anika kilichopita na ukipime. Kikiwa kilo 1, maana yake theluthi moja ya machicha yako yote, yaani kilo 6, ni unga uliokuwa tayari lakini haukupata njia. Unga wote uliostahili kupita ulikuwa kilo 36, umepita kilo 30. Gawa 30 kwa 36: ufanisi wa chekeche lako ni asilimia 83.

Ukipata chini ya 70, usifikirie mashine mpya kwanza. Mara nyingi ni maji machache, wavu uliolegea au kulisha kwa pupa, na vyote hivyo vinarekebishika kwa siku moja. Ukipata juu ya 90 na bado unapoteza dhahabu, chekeche lako liko sawa. Kagua ubao, au ukubwa wa tundu ulilochagua.

Kuchagua tundu: iache mbale yako ijibu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "fundi, niweke wavu namba ngapi?" Hakuna namba ya wote. Kuna mwamba ambao dhahabu yake ni chembe nene zinazoachia kwatzi mapema, na kuna mwamba wenye salfaidi, madini yenye salfa, ambao dhahabu yake imejificha ndani ya chembe ndogo hata ukisaga mpaka uwe kama unga wa ngano. Duara mbili, yaani mashimo ya uchimbaji, zinazopakana zinaweza kutofautiana.

Jaribio lenyewe si gumu. Chukua kilo 40 za mbale kutoka viroba tofauti, usichague mawe mazuri. Ponda mpaka ziwe ndogo kama punje za mahindi. Mwaga chini kwenye turubai safi, lundika kama chungu cha chumvi, lisawazishe juu, likate katika robo nne kwa koleo. Tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, likate tena robo nne: hapo una mafungu manne ya kilo 5. Kazi hii ya kukata robo usiiruke. Ukichota tu pembeni ya lundo, unachota vikubwa vilivyobingirika.

Fungu la kwanza lisage mpaka lote lipite kwenye tundu la milimita 2. La pili milimita 1. La tatu milimita 0.5. La nne liwe akiba, endapo moja litamwagika. Kila fungu lioshe kwa karai na mtu yule yule, kwa maji yale yale, halafu weka dhahabu iliyopatikana kwenye karatasi yake. Kisha chukua mabaki ya fungu la milimita 2, yasage yapite 0.5, uyaoshe tena. Ikitoka dhahabu mpya, ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe, na tundu la milimita 2 linakunyima. Fanya hivyo kwa mabaki ya milimita 1. Pale ambapo kusaga tena hakuongezi kitu cha maana, hapo ndipo tundu lako lilipo.

Kwa mbale nyingi za kwatzi yenye dhahabu inayoonekana, nimeishia kati ya milimita 0.5 na 1. Kwenda chini ya hapo kwa ubao na zulia peke yake sikushauri, maana unaongeza tope na majani yanayoelea. Dhahabu ndogo kuliko hiyo inataka njia nyingine, kama sayanaidi, na si wavu mdogo zaidi.

Dukani: hesabu nyuzi, kisha pima unene wa waya

Namba ya wavu ni idadi ya matundu katika inchi moja, yaani milimita 25.4. Haikuambii tundu lina upana gani. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila mwizi.

Niliwahi kununua wavu namba 20 kwenye duka moja la vifaa mjini, nikaufunga, na chekeche likapitisha polepole kuliko la zamani. Nilihesabu nyuzi kwa rula: 20 kamili, muuzaji hakudanganya. Nilichosahau ni waya. Gawa 25.4 kwa 20, unapata 1.27. Ukitoa waya wa milimita 0.4, tundu linabaki milimita 0.87. Ukitoa waya wa 0.25, linabaki 1.02. Namba ni ile ile, matundu ni mawili tofauti. Na kubwa zaidi ni uwazi: kwenye wavu wa waya mnene asilimia 47 tu ya eneo ni matundu, kwenye wavu wa waya mwembamba ni asilimia 65. Waya mnene unadumu, mwembamba unapitisha. Kwa chekeche la maji lenye unga mdogo mimi huchukua waya mwembamba na kuuwekea wavu mkubwa wa kuubeba chini yake.

Kwa makadirio, wavu namba 10 huwa karibu na milimita 2, namba 18 milimita 1, namba 35 nusu milimita, namba 60 robo milimita, na namba 100 milimita 0.15. Wavu wa mbu wa madirishani una nyuzi 16 hadi 18 kwa inchi. Unafaa kwa majaribio ya mkono. Kwenye mashine utakatika siku hiyo hiyo.

Nunua chuma kisichoshika kutu. Wavu wa mabati, ule uliopakwa zinki, ni rahisi kwa bei na unalika haraka. Na kama una vati, usiulete kabisa karibu na maji ya sayanaidi: zinki hunyonya dhahabu kutoka kwenye maji hayo. Kuna mitambo inayotumia unga wa zinki kwa makusudi kukamata dhahabu iliyoyeyuka. Hutaki ikamatwe na wavu wako.

Jambo moja zaidi juu ya tundu. Chekeche likiinama, tundu linafumba. Tundu la milimita 1 lenye waya wa 0.4, likiinamishwa kwa pembe ya nyuzi 20, jiwe linalodondoka wima linaliona kama milimita 0.9 hivi. Kwa hiyo ukitaka kutenganisha kwenye 0.9, nunua la 1.

Pipa linalozunguka au meza inayotetemeka?

Kama mali yako ni udongo wa mabondeni, wenye mfinyanzi na kokoto, tengeneza pipa linalozunguka. Kama ni unga wa karasha unaopita milimita 1, tengeneza meza inayotetemeka. Nimeona watu wengi wakifunga wavu mdogo kwenye pipa kwa sababu pipa ni rahisi kutengeneza. Ndani ya pipa ni sehemu ndogo tu ya chini inayofanya kazi kwa wakati mmoja, nyingine inazunguka hewani tupu. Kwa tundu kubwa haidhuru. Kwa tundu dogo unazibwa kabla ya saa sita mchana.

Pipa kwanza, nalipita haraka. Lina kasi yake. Likizunguka polepole mno, mzigo unateleza chini bila kugeuka. Likizidi, mzigo unaganda ukutani na kuzunguka nalo. Kasi ya kuganda unaipata kwa kugawa 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita. Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha mita 0.57 hivi, kipeuo chake 0.755, kwa hiyo kuganda ni mizunguko 56 kwa dakika. Endesha kwa asilimia 35 hadi 45 ya hapo, yaani mizunguko 20 hadi 25. Mwinamo ni sentimita 5 hadi 9 kwa kila mita ya urefu. Theluthi ya kwanza iache bila matundu, chomelea vyuma vya kunyanyulia mzigo, ning'iniza na minyororo mizito, ili mfinyanzi uvunjike kabla ya kufika kwenye wavu. Mfinyanzi usiovunjika hujiviringisha kuwa madonge, na donge likibingirika juu ya wavu linaokota dhahabu kama tonge la ugali linavyookota mchuzi, kisha linatoka nayo nje. Udongo mgumu uloweke usiku kucha.

Sasa meza. Kwa karasha moja linalotoa karibu nusu tani kwa saa, fremu ya sentimita 60 kwa 150 inatosha. Kumbuka kwamba upana ndio unaobeba mzigo, na urefu ndio unaosafisha. Ukitaka kupitisha mbale nyingi zaidi, panua. Ukitaka machicha yaliyokamuka zaidi, refusha. Ukirefusha tu ukidhani utapitisha mzigo mkubwa, mwanzoni mwa wavu mbale zitarundikana vile vile.

Fremu ya ndani ikae juu ya springi nne zinazolingana. Springi za pikipiki zinafaa, mradi zote zitoke kwenye aina moja na hakuna iliyochoka. Shafti yenye uzito wa upande mmoja ipite katikati ya fremu, ishikwe na beringi mbili zenye nyumba zake, izungushwe na mota ya mizunguko 1,440 kwa mkanda na puli zinazolingana. Kwenye kasi hiyo unataka mtikisiko wa milimita 4 kwa jumla, toka upande hadi upande. Hapo mzigo unarushwa kwa nguvu ya mara nne na nusu hivi ya uzito wake, ya kutosha kuutoa kwenye tundu bila kuivunja fremu.

Mtikisiko wa milimita 4 utaupimaje? Gundisha karatasi nyeupe ubavuni mwa fremu, weka nukta moja ya kalamu, washa mashine. Nukta itageuka duara dogo la rangi ya kijivu. Shika rula karibu nalo bila kugusa, soma upana wake. Fanya hivyo pembe zote nne. Duara la kulia likiwa kubwa kuliko la kushoto, springi moja imelegea au uzito wa shafti hauko katikati. Duara likiwa dogo, ongeza uzito kwenye shafti. Usiongeze kasi. Hii karatasi imeniokolea fremu nyingi zilizokuwa zikipasuka kwenye maungio bila mtu kujua sababu.

Mwinamo wa kuanzia ni nyuzi 15, yaani sentimita 26 za mwinuko kwa kila mita ya urefu wa chekeche. Toboa matundu mengi ya bolti miguuni ili uweze kupanda hadi sentimita 34, ambazo ni nyuzi 20. Machicha yakitoka yamejaa unga, shusha. Mzigo ukirundikana, pandisha.

Wavu ukazwe mpaka ukiupiga kwa kidole ulie. Wavu uliolegea unapiga makofi juu ya fremu na kukatika pembezoni ndani ya siku chache. Kata tyubu ya gari vipande virefu, viweke kila mahali chuma kinapogusana na wavu. Kaza kwa vyuma vya pembeni vyenye bolti, ukivuta kutoka katikati kwenda pembe.

Maji, na namna ya kulisha

Chekecha kwa maji. Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe: unga mkavu unashikana, na unga wenye unyevu kidogo ni mbaya kuliko wote, unakuwa tope linalofunika wavu kama ngozi. Sababu ya pili ni mapafu. Vumbi la kwatzi lina silika, nayo huleta silikosisi, ugonjwa ambao mapafu yake hayarudi na unaomfungulia mlango kifua kikuu. Kijana anayekung'uta karasha kavu na kitambaa mdomoni hajajikinga. Nimewaona wakitoka hapo kope zao nyeupe.

Weka mabomba mawili au matatu ya plastiki ya inchi moja na robo kukatiza juu ya wavu, toboa matundu ya milimita 3, moja kila sentimita 5, yakitazama chini na kidogo kuelekea mzigo unakotoka. Tenki likiwa mita 3 juu, bila pampu yoyote kila tundu linatoa karibu lita 2 kwa dakika, na matundu 20 ni lita 40. Kwa nusu tani ya mbale kwa saa, hayo ni maji ya kuanzia. Yote yanashuka ubaoni, ambako ungeyahitaji hata hivyo. Maji ya bwawa yenye tope yaache yatulie kwanza, na mwisho wa kila bomba weka kizibo cha kufungua. Uchafu unaoziba matundu ya bomba hujificha hapo.

Kulisha ndiko kunakoharibu chekeche zuri. Mtu anamwaga ndoo nzima, anakwenda kuongea na simu. Kanuni ya mafundi ni kwamba mwishoni mwa wavu, unene wa mzigo usizidi mara nne ya upana wa tundu. Kwa tundu la milimita 1 hiyo ni milimita 4 tu. Ikiwa huwezi kuuona wavu kabisa upande wa kutokea, unalisha kupita kiasi. Tengeneza sanduku la kupokelea lenye mdomo mpana kama wavu wenyewe, mzigo ushuke kama pazia badala ya kumwagika katikati. Ukishuka katikati, kingo zote mbili ulizozilipia hazifanyi kazi.

Wavu ukiziba

Kuna namna mbili za kuziba, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni chembe iliyokaribiana na tundu kujikita ndani yake, kama punje iliyokwama kwenye ungo. Utaiona ukiuinua wavu: matundu yamejaa meno. Dawa ni mtikisiko wa kutosha, au matundu marefu ya mstatili yanayoelekea mzigo unakokwenda, au vipande vya mpira wa tairi ukubwa wa limau vilivyofungiwa kati ya wavu na wavu mwingine mkubwa chini, virukeruke na kuupiga wavu kutoka chini. Usiusugue kwa brashi ya chuma. Unatanua matundu, na baada ya wiki mbili una wavu mwingine usioujua.

Ya pili ni tope na uchafu kufunika. Hapa adui mkubwa mwaloni ni kiroba. Nyuzi za viroba vinavyokatwa kwa panga huingia na mbale, zinapita karasha salama, halafu zinajisuka kwenye wavu kama nywele kwenye chanuo. Weka wavu mkubwa wa sentimita 1 mbele ya yote, wa kukamata nyuzi, vijiti vya matimba (magogo ya kuegemeza shimo) na mabaki ya nyaya za baruti. Fungua viroba kwa kufumua mshono. Weka pia sumaku kwenye mdomo wa sanduku. Vipande vya gololi vinakata wavu kama kisu, na kutu yake inaongeza mchanga mweusi kwenye zulia.

Machicha yarudi wapi

Yarudi kwenye karasha, yote, kila mara. Usiyamwage, wala usimwache mtu ayazoe kwa ajili ya barabara. Lakini kabla ya kurudisha, osha karai moja ya machicha mara mbili au tatu kwa siku. Kuna dhahabu isiyopita wavu kwa sababu ni kubwa, au kwa sababu imetandazwa ikawa pana kuliko tundu. Ikirudi kwenye karasha inapigwa tena na tena, inajibana kwenye maungio ya bamba za ndani na kubaki humo. Ukiona dhahabu kwenye machicha, weka mtego mdomoni mwa chekeche: sanduku fupi lenye vizuizi viwili na maji yanayobubujika kidogo, vizito vitulie, mawe yapite.

Mbale zako zikiisha, dai karasha lifunguliwe na lisuguliwe ndani, na maji ya kulioshea yapite kwenye chekeche na ubao wako. Liseme hili kabla ya kuanza kusaga, mbele ya mwenye karasha, kwa heshima. Ukilisema mwisho linakuwa ugomvi.

Zebaki usiitie ndani ya karasha. Gololi zinaivunja kuwa vitone vidogo vinavyopita kila wavu na kila zulia, vikiondoka na dhahabu viliyoimeza. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umeweka kuchanganya zebaki na mbale nzima katika matendo ya kukomeshwa, pamoja na kuyatia sayanaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Chekeche zuri linakusaidia hapa moja kwa moja. Ubao ukishika vizuri, unabaki na ndoo moja ya mchanga mzito badala ya tani nzima, na ndoo moja unaweza kuimalizia kwa karai na uvumilivu.

Kwa wenye vati, neno fupi: kaboni, ile inayonyonya dhahabu kutoka kwenye maji ya sayanaidi, nayo inataka chekeche. Ikisuguana inavunjika, na vumbi lake limebeba dhahabu. Ioshe kaboni mpya juu ya wavu wa milimita 0.8 kabla ya kuitumia, ili vipande dhaifu vitoke vikiwa bado havina kitu. Ukiichomoa, ipitishe tena kwenye wavu huo na vumbi linalopita ulihifadhi.

Usalama na ukaguzi wa kila siku

Mkanda na puli vifunikwe kwa bati lenye matundu. Wavu unapozibuliwa, mota izimwe na plagi ichomolewe, aliyezima abaki nayo. Pipa linalozunguka halizibuliwi kwa mkono hata likienda polepole. Kila siku gusa nyumba za beringi baada ya saa moja ya kazi: ukishindwa kuacha kiganja juu yake, grisi imekwisha au imezidi.

Wanaotaka kuona mashine zikifanya kazi kabla ya kuchomelea zao waende kwenye vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita, au Itumbi wilayani Chunya. Nenda na rula.

Usiku mmoja wavu wetu ulitoboka tundu la ukubwa wa kidole gumba, na kwa kuwa lilikuwa pembezoni chini ya mpira, hatukuliona kwa siku mbili. Chenga zilipita, zikasugua mazulia, zikabeba tulichokuwa tumeshika. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya maji kufunguliwa, watu wawili wanautoa wavu, wanauosha, wanauinua kuelekea jua likiwa bado chini. Wavu mzima unang'aa sawasawa kama khanga mpya. Palipotanuka panawaka zaidi. Palipoziba pana kivuli. Tundu dogo linazibwa kwa gundi ya epoksi, lisizidi ukubwa wa sarafu, na matundu matatu kwenye wavu mmoja yanatosha kuubadilisha. Tarehe ya kubadilisha inaandikwa kwenye daftari, pamoja na idadi ya viroba vilivyopita tangu wavu uliotangulia, ili mwezi ujao ununue mwingine kabla huu haujachanika.